Mzigo Usioonekana Ndani ya Chuma

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mtu ameketi mahali anapoweza kusikia, na kwamba daftari na kalamu ziko tayari.

Leo tutasoma habari za chuma kilichochomelewa. Tutaona jinsi watu walivyojifunza, kwa hasara na kwa misiba, kwamba chuma chaweza kubeba mzigo mzito hata kabla hakijawekewa mzigo wowote. Kisha tutaona jinsi wataalamu walivyofika kuuhesabu mzigo huo kwa kompyuta, na jinsi hesabu hizo zilivyowahi kuwadanganya.

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya: MKAZO ULIOBAKI. Chini yake andika: UGUMU. Hayo ndiyo maneno makubwa ya somo la leo.

Tuanze na mkazo uliobaki. Chukua upao wa chuma wenye urefu wa mita 1. Ukiupasha joto lake lipande kwa digrii 100 za sentigredi, utarefuka kwa milimita 1 na kidogo. Ukiuacha upoe, utarudi urefu wake wa zamani. Hapo hakuna taabu. Lakini tuseme kwamba, ukiwa bado una moto, umeushika ncha zote mbili kati ya kuta mbili zisizosogea. Sasa unapoa. Unataka kufupika, na kuta zinaukatalia. Upao huo umekuwa kama kamba inayovutwa na watu wa pande mbili. Kwa chuma cha kawaida, kuzuiwa namna hiyo wakati wa kupoa kwa digrii 100 hivi kwatosha kukifikisha karibu na kikomo cha nguvu zake, pale ambapo kikivutwa zaidi hunyooka na hakirudi tena.

Sasa mtazameni fundi anayechomelea. Moto wake unayeyusha chuma, na chuma huyeyuka kwenye joto la digrii 1,500 hivi. Mshono anaoutengeneza utapoa kwa digrii zaidi ya elfu moja. Na kuta zinazouzuia usifupike ni nini? Ni kile chuma baridi kilichoko pande zote za mshono. Kwa hiyo mshono unabaki umevutwa kwa nguvu sana, na chuma cha kando yake kinabaki kimebanwa. Kiungo kimelala chini, hakuna mtu aliyekikanyaga, lakini ndani yake kuna mashindano ya kuvuta kamba yasiyokwisha. Nguvu hiyo iliyofungiwa ndani ndiyo tunayoiita mkazo uliobaki. Macho hayawezi kuiona.

Neno la pili ni ugumu. Wazee wetu wahunzi walijua jambo hili zamani. Mhunzi hukiweka chuma motoni mpaka kiwe chekundu, kisha hukitia ndani ya maji ghafula. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipozwa namna hiyo huwa kigumu, na panga hukaa na makali. Lakini likizidi ugumu, hukatika kama chungu kilichoanguka. Ugumu na wepesi wa kuvunjika ni ndugu.

Mtu wa kuchomelea hana pipa la maji karibu yake. Hata hivyo, bamba nene la chuma baridi hulinyonya joto la mshono haraka sana, karibu kama maji. Wataalamu hupima muda ambao mshono unatumia kushuka kutoka digrii 800 mpaka digrii 500. Muda huo ukiwa mfupi mno, na chuma kikiwa na kaboni nyingi, ukanda mwembamba wa pembeni ya mshono huwa mgumu na mwepesi wa kupasuka. Ili kuupima ugumu, tangu miaka ya 1920 hutumika mashini inayokandamiza kipande cha almasi chenye umbo la piramidi juu ya chuma. Alama ikiwa ndogo, chuma ni kigumu. Alama ikiwa kubwa, chuma ni laini.

Basi, shikeni jambo hili. Karibu na mshono kuna chuma kinachovutwa sana, na hapo hapo pengine kuna chuma kigumu kisichopenda kunyooka. Ukiongeza ufa mdogo hapo, hatari imekamilika.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Zamani meli na madaraja ya chuma viliungwa kwa ribiti, yaani vile vipande vinene vya chuma vinavyopitishwa tunduni vikiwa vya moto na kugongwa vichwa. Kazi hiyo ilikuwa ya kelele na ya taratibu, lakini ilikuwa na faida moja ambayo watu hawakuifikiria. Bamba moja likipata ufa, ufa ulifika ukingoni mwa bamba ukakoma, maana bamba la pili lilikuwa kitu kingine. Uchomeleaji ulipoenea katika miaka ya 1930, kazi ilikuwa ya haraka na chuma kilichotumika kilikuwa kidogo. Lakini mabamba yote yakawa kitu kimoja, na ufa ukapata njia isiyo na kizuizi.

Huko Ubelgiji, karibu na mji wa Hasselt, lilijengwa daraja la kuchomelewa juu ya Mfereji wa Albert. Urefu wake ulikuwa mita 74 na nusu. Tarehe 14 Machi 1938, siku ya baridi, lilipokuwa limetumika kwa mwaka mmoja hivi tu, ulisikika mlio mkubwa na ufa ukaonekana. Baada ya dakika chache daraja lilianguka mferejini vipande vitatu. Halikuwa limebeba mzigo mkubwa siku ile.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Marekani ilihitaji meli nyingi upesi, ikajenga zaidi ya meli 2,700 za aina iliyoitwa Liberty, zilizochomelewa badala ya kupigwa ribiti, pamoja na meli nyingine za mafuta. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, katika jimbo la Oregon. Ilikuwa imemaliza majaribio yake baharini. Maji yalikuwa shwari na hapakuwa na dhoruba. Ghafula sitaha ilipasuka kwa kishindo, ufa ukashuka ubavuni pande zote mbili, na meli ikakatika karibu vipande viwili mahali pale pale.

Hapo ubishi mkubwa ulizuka. Wengi waliutupia lawama mkazo uliobaki. Huko Cambridge, Uingereza, mtaalamu mmoja, Bibi Constance Tipper, alichunguza chuma chenyewe. Alionyesha kwamba chuma cha aina ile, ambacho siku ya joto hupinda kabla ya kuvunjika, siku ya baridi huvunjika ghafula bila kupinda. Uchunguzi wa miaka ile ulionyesha kwamba mambo kadhaa yalikutana: chuma kisichostahimili baridi, pembe kali za milango ya sitaha ambako nguvu hukusanyika, na dosari za uchomeleaji. Fundisho likawa kwamba mkazo uliobaki ni mmoja tu wa wabaya. Humngojea mwenzake.

Miaka ishirini baadaye mwenzake alionekana tena, na safari hii alikuwa ugumu. Katika mji wa Melbourne, Australia, daraja la King Street lilifunguliwa mwaka wa 1961. Mihimili yake ilitengenezwa kwa chuma chenye nguvu kuliko kile cha kawaida, lakini chenye kaboni na manganizi ya kutosha kukifanya kigumu karibu na mshono. Tarehe 10 Julai 1962, ambayo kwao ni majira ya baridi, gari kubwa lenye uzito wa tani 45 hivi lilipita juu yake, na sehemu moja ya daraja ikazama. Mihimili minne ilikuwa imevunjika. Kuta za zege zilizokuwa chini ndizo zilizolishika daraja, wala hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulikuta kwamba nyufa zilianzia kwenye ncha za mabamba yaliyochomelewa chini ya mihimili, na kwamba nyingine zilikuwapo tangu kiwandani. Mihimili ilipakwa rangi, ikasafirishwa, ikawekwa mahali pake, na ufa ukiwa ndani.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usiouona utauzibaje? Hilo ndilo swali lililowapeleka wataalamu kwenye vipimo na hesabu.

Kipimo kimoja kilibuniwa na Mjerumani, Josef Mathar, aliyeandika habari zake mwaka wa 1934. Alitoboa tundu dogo kwenye chuma na kupima jinsi chuma kilivyosogea kulizunguka lile tundu. Kama ndani kuna nguvu iliyofungiwa, ukikata njia yake husogea kidogo. Njia hii, baada ya kutengenezwa vizuri zaidi, ingali inatumika. Taabu yake ni kwamba inapima mahali pamoja tu, nayo inaharibu kidogo kile kinachopimwa.

Kwa upande wa ugumu, Waingereza wawili, Dearden na O'Neill, walitoa mwaka wa 1940 hesabu fupi ambayo fundi yeyote aweza kuifanya. Walisema: usitazame kaboni peke yake. Manganizi nayo huongeza ugumu, lakini sehemu 6 za manganizi ni sawa na sehemu 1 ya kaboni. Kila kitu kingine kilichochanganywa katika chuma kilipewa kipimo chake. Mwalimu, andika ubaoni mfano huu. Chuma kina kaboni asilimia 0.20 na manganizi asilimia 1.20. Gawanya 1.20 kwa 6, utapata 0.20. Jumlisha na kaboni, utapata 0.40. Hesabu ikizidi kupanda, fundi lazima akipashe chuma joto kabla ya kukichomelea, ili kipoe polepole. Hesabu ya namna hii ilikubaliwa na wataalamu wa nchi nyingi mwaka wa 1967, nayo ingali katika vitabu vya kazi.

Na joto lenyewe? Daniel Rosenthal, aliyefanya majaribio yake Ubelgiji katika miaka ya 1930 kisha akaendelea Marekani, aliandika hesabu ya moto unaotembea. Fikirini mtumbwi unaokwenda majini: mbele mawimbi yamebanana, nyuma yanatanuka. Joto la mshono ni hivyo hivyo. Mbele ya moto ni fupi na kali, nyuma ni refu na linapoa polepole. Hesabu ya Rosenthal ilieleza hali hiyo vizuri ukiwa mbali kidogo na moto. Lakini pale penye moto wenyewe ilitoa joto lisilo na mwisho, jambo ambalo haliwezekani. Aliufanya moto kuwa nukta, na moto wa kweli una upana na kina.

Kompyuta zilipopatikana, njia nyingine ilifunguka. Tangu miaka ya 1950 wahandisi walianza kukikata kitu kikubwa, kwa hesabu tu, kuwa vipande vidogo vingi. Fikirini ukuta wa matofali. Kila tofali lina joto lake, na kila tofali huwauliza jirani zake: wewe una joto kiasi gani, na unanisukuma kwa nguvu gani? Jirani hujibu. Baada ya sehemu ndogo ya sekunde, wote wanaulizana tena. Mtu hawezi kuyaandika majibu yote hayo, lakini kompyuta yaweza, mara elfu na elfu.

Mwaka wa 1971 Wajapani wawili, Ueda na Yamakawa, walitoa hesabu ya namna hiyo kwa ajili ya mkazo wa mshono. Mwaka wa 1973 Hibbitt na Marcal walitoa yao Marekani. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo, kwa hiyo mara nyingi watu walihesabu mkato mmoja tu wa mshono, kama mtu anayekata kipande chembamba cha mkate na kusema kwamba mkate mzima uko hivyo.

Basi, ndugu wasikilizaji, mnaweza kudhani kwamba kuanzia hapo misiba ilikwisha. La. Tarehe 27 Machi 1980, jioni, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Norwei lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka. Lilielea juu ya miguu mitano, na wafanyakazi wa visima vya mafuta walilala humo. Siku ile palikuwa na watu 212. Boriti moja iliyoushika mguu ilikatika, nyingine zikafuata, na mguu mmoja ukang'oka. Watu 123 walikufa.

Uchunguzi uliufuata ufa mpaka chanzo chake. Ulianzia kwenye mshono mdogo wa milimita 6, ambao ulishika kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Mshono huo haukuhesabiwa kuwa ni sehemu ya kubeba mzigo. Tena ndani ya ufa ilikutwa rangi. Maana yake nini? Ufa ulikuwapo kabla jukwaa halijapakwa rangi. Mawimbi ya baharini yaliukuza polepole mpaka siku ile. Hesabu haiwezi kumsaidia mtu mahali ambapo hakufikiri kwamba panastahili kuhesabiwa.

Kazi ya hesabu iliendelea. Mwaka wa 1984 John Goldak na wenzake huko Kanada waliacha kuufanya moto kuwa nukta. Waliupa umbo kama nusu mbili za yai zilizounganishwa, ya mbele fupi na ya nyuma ndefu, kwa sababu ndivyo dimbwi la chuma kilichoyeyuka linavyokaa. Mwaka huo huo huko Ufaransa, Leblond na Devaux walitoa hesabu ya jinsi chuma kinavyobadilika ndani wakati wa kupanda na kushuka kwa joto.

Jambo hili la pili lahitaji maelezo kidogo. Chuma kinapopoa hufupika, tumekwisha kuliona hilo. Lakini chuma chenye kaboni, kinapogeuka kuwa cha aina ile ngumu, kwa muda mfupi hutanuka badala ya kufupika, hata kama joto linashuka. Kutanuka huko hupunguza mvuto wa mshono, na pengine huugeuza kuwa mbano. Kwa hiyo mkazo na ugumu haviwezi kuhesabiwa mbali mbali. Anayehesabu mkazo na kuusahau mgeuko huo, kompyuta yake itampa picha nzuri yenye rangi nyingi, na picha hiyo itakuwa ya uongo.

Tutajuaje basi kama picha ni ya kweli? Mwaka wa 2002 watafiti wa Ulaya waliunda umoja uitwao NeT. Walichukua bamba la chuma kisichoshika kutu, wakaweka juu yake mstari mmoja tu wa kuchomelea, wenye urefu wa milimita 60. Watafiti wa vyuo na maabara mbalimbali walilihesabu bamba hilo hilo, kila mtu kwa kompyuta yake. Wengine walilipima kwa nyutroni, yaani chembe ndogo sana zinazoweza kupenya ndani ya chuma bila kukikata. Ingawa kazi ilikuwa ndogo kiasi kile, majibu yalitofautiana. Wala vipimo navyo havikulingana sawasawa. Kwa kukaa pamoja na kuulizana sababu, walitambua jinsi ya kueleza vizuri zaidi ukubwa wa moto na tabia ya chuma kinapovutwa na kubanwa tena na tena.

Leo hesabu hizi zinatumika kweli. Huko Uingereza, wahandisi wanaolinda mitambo ya nyuklia huutia mkazo uliobaki katika hesabu zao wanapoamua kama bomba lenye ufa laweza kuendelea na kazi au lazima libadilishwe. Ndugu zangu, uamuzi huo ni wa uhai wa watu. Ndiyo maana hawaamini kompyuta peke yake, bali huiuliza kompyuta, kisha huuliza kipimo, kisha huulizana wao kwa wao.

Na sisi tunajifunza nini? Fundi anayetengeneza madirisha ya chuma cha kawaida hana haja ya kompyuta. Chuma chake ni chembamba na kina kaboni kidogo. Lakini anayeunga ekseli ya trela, au chuma kinene cha kunyanyulia mizigo, afahamu kwamba maagizo ya kazi yana sababu. Kupasha chuma joto kwanza ni kuukawiza mpoo, ili ukanda wa pembeni usiwe mgumu. Kukausha fimbo za kuchomelea ni kuondoa unyevu, maana unyevu huleta haidrojeni, na haidrojeni hupasua chuma kigumu, pengine saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Ndiyo maana kazi nyingine hukaguliwa kesho yake. Na vyombo vinene, baada ya kuchomelewa, hutiwa katika tanuri la digrii 600 hivi, kisha hupozwa polepole, ili mkazo ulegee. Kupaka rangi juu ya ufa hakuuponyi.

Sasa mwalimu, zima redio baada ya maswali haya, mzungumze darasani.

La kwanza: Kwa nini mshono hubaki umevutwa baada ya kupoa?

La pili: Kwa nini ufa ulikoma katika meli ya ribiti, na haukukoma katika meli ya kuchomelewa?

La tatu: Chuma kina kaboni asilimia 0.15 na manganizi asilimia 0.90. Fanyeni hesabu ya Dearden na O'Neill. Jibu sahihi ni 0.30, asiyelipata aonyeshwe na mwenzake.

La nne: Rangi iliyokutwa ndani ya ufa wa jukwaa la Kielland iliwaambia wachunguzi jambo gani? Na je, ni nani aliyepaswa kuuona ufa ule kabla ya mpaka rangi?

Swali hilo la mwisho lizungumzeni kwa utaratibu, kila mtu apate nafasi yake. Kwaherini, mpaka somo lijalo.